Karte ya Ankoro haina hazina, iko na maji

Tangu ile habari ya arkivu za Tervuren ianze kuzunguka mu marezo, hapa Lubumbashi kila mtu iko na maoni yake, ku bara, ku kanisa, ndani ya teksi, na karibu yote inafanana. Kwa wenye hawakufuata, ni hivi. Mu Julai 2025 serikali yetu ilitia sahihi makubaliano na KoBold Metals, sosiete ya Marekani yenye inatafuta madini kwa nguvu ya kompyuta na yenye matajiri kama Bill Gates na Jeff Bezos waliwekamo feza yao, na kati ya vitu vyenye walipatana kulikuwa ile ya kugeuza dijitali arkivu za zamani za jeolojia ya Congo. Sasa sehemu kubwa ya zile arkivu haiko Kinshasa wala hapa kwetu, iko Ubelgiji, ku makumbusho ya Afrika kule Tervuren, pembeni ya Bruxelles. Makumbusho ikajibu kwamba haiwezi kufungulia sosiete moja ya biashara mlango peke yake, na kwamba kazi ya kuziskani iko kwa njia pamoja na Leta ya Congo kwa feza ya Umoja wa Ulaya. Hapo njo moto ukawaka: wamoja wanasema Wabelgiji wanaficha ramani ya mali yetu, wengine wanasema Wamarekani wanakuja kuiba ramani ya mali yetu, na pande zote mbili zinaamini kitu kimoja, kwamba mule ndani ya makabati kuna karatasi yenye msalaba mwekundu, na mwenye ataifikia wa kwanza njo mwenye atachimba.

Mimi naona wote wamekosea kabati. Zile karatasi za jeolojia ziko na bei yake, sikatai, lakini zenye zitamsaidia ao kumuumiza raia wa kawaida mu miaka yenye kuja ni zile zenye hakuna mtu anazigombania: karte za topografia, zile za mito na vilima na vijiji, zenye watu wanaona kama mapambo ya ukutani. Nitachukua moja tu, ile ya eneo la Ankoro, pale mto Luvua unaingia mu Lualaba, juu pale njo mambo yote inakutana, maji, madini, mipaka na hii kontra mpya. Nasema hivi: ile karte ni ushahidi wa namna maji ilikuwa kabla ya kazi kubwa zenye zinakuja, na kama ule ushahidi utabaki mikononi mwa sosiete peke yake, ao mwa makumbusho peke yake, siku maji itaharibika mtu wa Ankoro hatakuwa na kitu cha kuweka mbele ya juji.

Tuanze na mahali penyewe, juu wengi wetu hapa mjini tunajua samaki ya kule kuliko tunavyojua mto wake. Luvua inatokea ku Pweto, mu ziwa Mweru, yenye iko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Mweru yenyewe inapata maji ya Luapula, ule mto wa Kasenga wenye unatutenganisha na Zambia, Luapula nayo inatoka mu vinamasi vya Bangweulu, na Bangweulu inakunywa maji ya Chambeshi. Kwa hiyo maji yenye inaingia Ankoro kwa upande wa mashariki imeshatembea safari ndefu sana, na wajuzi wengi wakipima urefu wanasema Chambeshi njo chanzo cha mbali kabisa cha mto Congo. Upande wa pili kuna Lualaba, ile yenye imepita ku baraje ya Nzilo na ya Nseke kule Kolwezi, zenye zinatupatia umeme siku zenye unapatikana, ikashuka mpaka Bukama, ikajimwaga mu ile nchi ya maziwa na potopoto ya Upemba na Kisale. Mito yote mbili inapumzika mu vinamasi na maziwa mbele ya kukutana, ndiyo maana hapo maji haipandi kwa saa moja kama mito ya milimani, inapanda polepole na inashuka polepole, na mvua yenye ilinyesha mbali inaweza kufika wakati watu wameshasahau kwamba ilinyesha. Livingstone alifika Mweru mwaka 1867 na mpaka anakufa mwaka 1873 pembeni ya Bangweulu alikuwa angali anaamini hii maji inaelekea Nile. Ilibidi Cameron afike Nyangwe mwaka 1874, apime, aone Lualaba iko chini sana haiwezi kufika Nile, kiisha Stanley aifuate mpaka bahari mwaka 1877. Yaani kwa miaka mingi watu wenye elimu walibishana juu ya maji yenye wavuvi walikuwa wanaivuka kila asubuhi, kwa sababu hakukuwa karatasi moja yenye kuonyesha mito yote pamoja.

Ile karatasi ilikuja kiisha, na inafaa tukumbuke nani aliichora, maana hapa njo deba yetu inakuwa ya kuchekesha kidogo. Mu Katanga hakuwa gavana wa kawaida mwenye alianza kazi ya karte. Ilikuwa Comité Spécial du Katanga, CSK, yenye iliundwa mwaka 1900 kusimamia udongo wa huku kwa niaba ya Leta ya mfalme Léopold wa Ubelgiji na ya Compagnie du Katanga, theluthi mbili kwa Leta na theluthi moja kwa kompani, na mpaka 1910 ilikuwa hata inatawala. CSK ilikuwa na kazi yake yenyewe ya jeografia na jeolojia, ikatoa karte za Katanga kwa kipimo cha 1:200 000, yaani sentimita moja ku karatasi ni kilometa mbili ku udongo. Kwa hiyo leo tukilia kwamba sosiete ya biashara inataka kushika ramani ya nchi, tujue kwamba karte zenyewe zilizaliwa mu mikono ya kitu chenye kilikuwa nusu Leta na nusu biashara, na biro yake kubwa ilikuwa Bruxelles. KoBold haikuvumbua ule mchezo. Wale wapimaji hawakutumwa kuja kushangaa uzuri wa mito, walitumwa juu kulikuwa konsesio za kugawa, kodi ya kukusanya, wafanyakazi wa kutafuta kwa ajili ya mine, na njia ya kupitisha shaba. Reli ilifika hapa Elisabethville mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918, na toka Bukama maboti yalikuwa yanashuka Lualaba, yanapita Ankoro, yanafika Kabalo kwenye reli ya Kalemie ya mwaka 1915, yanaendelea mpaka Kongolo. Mto ulikuwa barabara, na barabara inapimwa vizuri. Ilipofika 1956 reli ikaunganishwa Kamina na Kabalo, boti ikaanza kukosa kazi, na Ankoro ikasahauliwa ku meza ya wakubwa, lakini ku karte ilibaki.

Nimeona karte moja ya lile eneo kwa tata mmoja mpensione wa hapa mjini, mwenye alifanyaka kazi ya kupima udongo, anaikunja ndani ya nailoni nyuma ya kabati na haachi mtu aishike na mikono ya jasho. Mtu mwenye ametoka mu deba ya marezo akiiona atavunjika moyo. Hakuna shaba, hakuna litiamu, hakuna dhahabu. Kuna mistari ya kahawia ya miinuko, na pale karibu na makutano mistari yenyewe ni michache sana juu nchi ni tambarare, unaweza kutembeza kidole sentimita nyingi bila kukutana na mstari mmoja. Kuna bluu ya mito, na pembeni ya bluu kuna vile vialama vidogo vya majani vyenye maana yake potopoto, na vimeenea kuliko mto wenyewe. Kuna vijiji, vingine vimeandikwa kwa jina la shefu wa wakati ule, na kuna njia za miguu zenye zinafuata ukingo kiisha ghafla zinaukimbia. Ukiangalia vizuri hizo njia na hivyo vijiji unaanza kusoma kitu chenye mpimaji mwenyewe labda hakukiwaza: mahali pote pakubwa penye hakuna kijiji hata kimoja, na njia inazunguka mbali, njo pale maji inapandaka. Mistari ya miinuko ya kipimo kama kile haiwezi kukuambia mafuriko itafika wapi, ni ya mbali sana mmoja na mwingine. Wenyeji njo walikuwa wanajua, wakajenga kwa kujua, na mpimaji akachora mahali walijenga. Nyuma ya pale utawala uliwahamisha watu wengi, ukawapanga ku barabara kwa ajili ya pamba, ya ugonjwa wa usingizi na ya kazi ya kutunza barabara yenyewe, na vijiji vipya havikuuliza maji.

Kuna kitu kingine cha tarehe, na hapa wengi wanapitaka haraka. Kazi kubwa ya kupiga picha kwa ndege mu Congo kwa ajili ya karte ilifanyika kiisha vita ya pili ya dunia, zaidi miaka ya 1950, na picha za ndege zinataka mbingu isiyo na mawingu, yaani kiangazi. Kwa hiyo bluu yenye unaona ku karte nyingi za ule wakati ni maji ya kiangazi, na ni maji ya mbele ya 1961. Kwa nini 1961? Juu kuanzia mwisho wa mwaka ule mvua kubwa iliangukia Afrika hii yote ya katikati na mashariki, mto Congo ku Kinshasa mu Desemba 1961 ulipitisha karibu mita za ujazo 80 000 kwa sekunde, kiwango chenye hakijaonekana tena mu vipimo vyake, na ziwa Tanganyika likapanda mpaka 1964. Tanganyika linamwaga kwa mto Lukuga, na Lukuga inaingia mu Lualaba chini zaidi ya Ankoro, kwa hiyo ile mvua iligusa bonde lote. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena na watu wa Kalemie waliona maji mu nyumba zao, na watu wakaanza kusema hii haijawahi kuonekana. Imeshaonekana. Lakini mtu mwenye iko na karte moja tu ya miaka ya 1950 mkononi atasema haijawahi, na mwenye iko na ya leo tu atasema iko hivi sikuzote, na wote wawili watakuwa wanasoma siku moja ya mto kama vile ni maisha yake yote.

Sasa tuje ku hoja za watu. Ya kwanza, ile ya hazina: kwamba mwenye kushika arkivu anashika madini. Hoja hii iko na kipande cha ukweli, juu KoBold haitafuti karatasi za zamani kwa kupenda historia, inataka kulisha programu zake na vipimo vya visima na vya udongo vyenye leo vingegharimu feza nyingi kuvirudilia. Sawa. Lakini angalia Manono, yenye iko mu teritware moja na Ankoro. Kasiterite ya Manono, yaani mawe ya bati, ilianza kuchimbwa tangu 1919, Géomines, sosiete ya mine ya Wabelgiji, ilikaa pale miaka na miaka, na kwamba yale mawe yako na litiamu ilijulikana zamani za wakoloni. Hakuna mtu aliificha. Haikuwa na bei, basi ilibaki mu mabaki ya mine, watu wakaijengea nyumba pembeni. Chenye kilibadilika ni batri ya gari, hakikuwa ugunduzi wa kabati. Na kiisha ulimwengu kuihitaji, chenye kilisimamisha Manono miaka yote hii hakikuwa kukosa ramani, kilikuwa mabishano ya nani iko na haki, AVZ ya Australia, Cominière ya Leta yetu, Zijin ya Wachina, na sasa KoBold. Haki ya kuchimba mu Congo inatoka ku CAMI, ile kadastre ya mine, kwa vile vikare vya hektari karibu 85, chini ya kodi ya mine ya 2002 yenye ilirekebishwa 2018. Unaweza kushika karte nzuri kuliko zote za dunia, bila kibali cha CAMI wewe ni mtu mwenye karatasi nzuri. Na tena tusisahau wazee wetu: watu wa Katanga waliyeyusha shaba na kuitembeza kama misalaba karne nyingi mbele ya Jules Cornet kuja mwaka 1892 kuandika jeolojia. Hakuna karte iliwaonyesha.

Ya pili ni ile ya kurudisha: vitu ni vyetu, warudishe vyote, kesho. Hii ninaiheshimu kuliko zote, juu ni ya haki. Karte zilipimwa mu udongo wetu, na miguu ya wabeba mizigo wetu, kwa feza yenye ilitoka ku jasho letu. Tena ile sheria ya Ubelgiji ya 2022 ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni iliacha arkivu nje, na mtu anaweza kuuliza kwa nini kinyago kinaweza kurudi lakini karatasi haiwezi. Mimi ningependa zirudi. Lakini wenye kusema warudishe tu, kiisha wananyamaza, wanaruka swali gumu: zirudi wapi, na nani atazifungua? Juu si kwamba huku hakuna kitu. Karte na ripoti za zamani ziko huku, mu mabiro ya Leta, mu masosiete, ku chuo, mu nyumba za wapensione, na mimi mwenyewe nimeingia mu biro moja ya umma ya hapa, sitaitaja, mwenye kazi akaniambia hakuna karte, na nyuma ya kiti chake zilikuwa zimeviringwa mpaka ku dari, panya wameshakula pembeni. Ukitaka kuziona unaombwa kitu. Sasa kama karatasi zitatoka mu kabati lenye kufungwa la Tervuren na kuingia mu kabati lenye kufungwa la Kinshasa, mvuvi wa Ankoro atapata nini? Kurudisha ni lazima, na kufungua ni lazima, na ya pili isingojee ya kwanza, maana kurudisha kutachukua miaka ya mazungumzo lakini skani inaweza kukaa ku intaneti mwaka huu.

Ya tatu: waache KoBold wafanye, wako na feza, wako na mashine, sisi tulishindwa miaka 60. Watu wengi wenye kusema hivi ni vijana wenye kazi ya teknolojia, na si wajinga. Ni kweli kuskani karatasi kubwa za zamani bila kuziharibu ni kazi ya gharama, na ni kweli Leta yetu haikuweka ile feza. Shida haiko ku mashine, iko ku funguo. Kontra yenye inasema sosiete italipa, kiisha kila kitu kinakuwa wazi kwa wote siku moja, kwa masosiete mengine, kwa chuo, kwa raia, mimi ningeitia sahihi. Kontra yenye inasema sosiete itaona ya kwanza, hata kwa mwaka mmoja, inamaanisha vikare vyote vizuri vya CAMI vitakuwa vimeshaombwa mbele ya wengine kufungua macho. Kwa hapo makumbusho ilikuwa na haki kukataa, hata kama sababu zake zingine sizijui na hata kama jumba lenyewe lilijengwa kwa feza ya mpira na pembe.

Kiisha kuna ile hoja yenye nasikia zaidi na yenye ni nyepesi kuliko zote: karte za zamani za nini, satelite iko, fungua simu utaona Ankoro mpaka nyumba. Satelite haijui kurudi nyuma. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, kwa hiyo mbele ya pale hakuna picha ya namna ile ya kufuata mto mwaka kwa mwaka, na miaka ya kwanza yenyewe picha za huku ni chache na mawingu ni mengi. Kama unataka kujua kisiwa chenye kiko pale Luvua inaingia kilikuwepo mbele ya uhuru, ao kama mkono wa mto umehama, hakuna simu yenye itakujibu. Na satelite haisomi majina. Inaona alama ya njia mu majani, haioni kwamba ile njia inaitwa nini na inaenda kwa nani. Jina la kijito kidogo chenye kinakauka mu Agosti liko mu kichwa cha mzee na liko ku karte, kwingine hakuna, na siku ya kesi ya mpaka wa mashamba jina la kijito njo kila kitu. Mwenye kusema satelite inatosha hajawahi kusimama mu kesi ya udongo.

Lakini kuna wenye wanapinga kwa upande mwingine, na hawa wako na nguvu zaidi: kwamba ile ni karte ya mkoloni, imejaa uongo, ukiifungua utaleta vita ya masheferi. Hapa nakubali nusu. Vijiji vyenye vilihamishwa vimeandikwa mahali pa muda, shefu mwenye aliandikwa ni mwenye alikuwa karibu na barabara siku ile mpimaji alipita, na mwenye alikimbilia mu potopoto asilipe kodi hakuandikwa kabisa. Tangu 2015 Katanga iligawanywa mu mikoa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na kila siku utasikia mtu ametoa karte ya zamani kuonyesha kwamba kijiji fulani kiko kwetu. Wanakosea kuitumia namna ile, juu karte ya topografia si hati ya udongo, sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Leta na haki ya kuutumia iko na karatasi zake. Sasa, je, dawa ni kuficha? Leo hii wenye pesa wako nazo zile karte, wanazikata kipande chenye kinawafaa, wanakipiga foto, wanakirusha mu marezo bila tarehe, bila kipimo, bila pembeni yenye maelezo. Karatasi nzima ikiwa wazi, mpinzani wake anaweza kuonyesha kwamba ile ya miaka 20 nyuma yake inasema kingine. Uongo wa karte moja unakamatwa na karte ya pili, kwa hiyo njia ya kupunguza sumu yake ni kuziweka zote nje, kwa tarehe zake.

Sasa tufike kwenye maana yenyewe ya haya yote kwa Ankoro. Manono iko ku mto Lukushi, na Lukushi inaingia mu Luvua, na Luvua inaingia mu Lualaba pale Ankoro. Litiamu ikianza kutoka kwa wingi, kutakuwa maji ya kuosha mawe, kutakuwa mabwawa ya mabaki, na kutakuwa haja ya umeme, na umeme wa karibu ni ule wa Mpiana Mwanga ku Luvua, sentrali ya wakati wa Géomines yenye watu wanataka kuiamsha. Yaani mto wenye leo unajiongoza na ziwa Mweru utaanza kuongozwa na valve ya mtu. Mimi sisemi wasichimbe, watu wa Manono wamengojea kazi muda mrefu. Nasema kwamba kila sosiete yenye itaingia pale itakuwa na picha yake ya mwanzo, yaani mto ulikuwa wapi, upana gani, potopoto inafika wapi, kijiji gani kiko chini, na itailipia, na itaiweka mu ripoti yenye hakuna mtu wa kijijini ataisoma. Kiisha siku samaki itakosekana ao shamba litazama, swali la kwanza la juji litakuwa: mbele ilikuwa namna gani? Sosiete itafungua dosye. Wanakijiji watafungua mdomo.

Hapa Lubumbashi tumeshaona mfano mdogo. Mu Novemba 2025 maji ya mine ya CDM, sosiete ya Wachina, ilimwagika mu kartye za komine Annexe, minista akasimamisha kazi ya ile sosiete miezi tatu, na siku zenye zilifuata mabishano yote yalikuwa juu ya maji: ilipita wapi, ule mfereji ulikuwa mto ao ulichimbwa, hizi nyumba zilijengwa mu njia ya maji ao njia ya maji ilisukumwa mu nyumba. Kuna karte za zamani za huu mji zenye zinaonyesha vijito vyake vyote mbele ya watu kujenga. Sikuona mtu hata mmoja akiiweka ku meza, si Leta, si sosiete, si waadvokati. Ikabaki mdomo kwa mdomo, na mu mdomo kwa mdomo mwenye sauti kubwa njo anashinda. Kama hatukuweza mu mji wenye chuo kikuu, tutaweza vipi kule Ankoro kwenye hata kutafuta mashine ya fotokopi ni safari?

Na mtu asidhani kuskani peke yake kunatosha. Karte za Katanga zilipimwa ku msingi wa vipimo wa huku, wenye wajuzi wanauita Katanga 1955, na jipiesi ya simu yako inafanya kazi ku msingi mwingine wa dunia nzima, WGS 84. Ukichukua namba za karte ya zamani ukaziingiza vile vile mu simu, alama yako inahama zaidi ya mita mia. Mita mia mu kilima si kitu, lakini pale kwenye makutano ni tofauti ya kuwa mu kijiji ao kuwa katikati ya mto, na mu kare ya CAMI inaweza kuwa tofauti ya kuwa kwako ao kwa jirani. Kwa hiyo kazi ya kweli ni tatu: kuskani, kuipandisha ku msingi wa leo, na kutembea na ile karatasi kijiji kwa kijiji pamoja na wazee wenye wangali hai, kuuliza hiki kijito kinaitwaje sasa, kile kijiji kilienda wapi, maji ya mwaka mbaya ilifika ku mti gani. Ya kwanza na ya pili zinaweza kufanyika Tervuren ao California, hainiumizi kichwa. Ya tatu inafanyika huku tu, na wenye wanaweza kuifanya wako: Institut Géographique du Congo, wanafunzi wa jeografia na jeolojia wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, maredio ya kule mikoani. Sijaona mtu wa upande wowote wa hii deba akiiombea feza.

Ndiyo maana ningekuwa na mtu mmoja wa kushika shati ya waziri kabla ya sahihi nyingine yoyote, ningemtuma na maneno mafupi. Karte za topografia zitengwe na zile za jeolojia mu kontra, juu hazina siri ya biashara ndani yake na hakuna sababu zingojee mabishano ya madini yaishe. Zianze na zile za bonde la Luvua na Lualaba, Pweto mpaka Kongolo, maana pale njo kazi ya mine inakuja mbele. Zikae ku intaneti bila neno la siri, karatasi nzima na pembeni yake, na kopi ya kuchapwa, yenye kukunjwa, iwekwe ku biro ya teritware kule Manono, ku misioni na ku masomo ya Ankoro, kwenye simu inashika rezo siku zingine na siku zingine haishiki. Na sosiete yoyote yenye itataka kibali ku Luvua ilazimishwe kuchora mto wake wa mwanzo juu ya ile karte moja yenye wanakijiji nao wanayo, isilete yake peke yake.